Kitinda mimba alitaka kumwekea baba spika

Kitinda mimba alikuwa ameshachora duara kwa chaki kwenye paneli ya mlango wa abiria, na drili ilikuwa mkononi, baba yake alipoingia getini akitoka ibada ya asubuhi. Mzee hakupiga kelele. Aliweka Biblia na kitabu cha nyimbo juu ya ukuta wa kibaraza, akauliza swali moja tu.

"Unanirithi ningali hai?"

Drili ikazimwa. Kijana, kama bado anaweza kuitwa kijana mtu wa miaka 40 mwenye duka la simu na watoto wawili, alisahau hata kuamkia. Kwenye familia za Wachagga kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi, kwa hiyo neno kurithi likitoka kinywani mwa baba kwenda kwake halipiti hivi hivi. Yeye alitaka kuweka spika. Baba alisikia jambo lingine kabisa.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z ya mwaka 1972, nyekundu iliyopauka kwa jua la Arusha. Ni gari la michezo: boneti ndefu, paa la chini, viti viwili tu, na nyuma ya viti sehemu ya mizigo iliyofunikwa na mlango wenye kioo kikubwa kilicholala. Injini ni ya silinda sita, cc 2,393, yenye kabureta mbili. Vijana waliozoea magari ya siku hizi yanayonong'ona, wakilisikia linawashwa hugeuka. Aina hii ilishinda mashindano ya magari ya Safari mara mbili: mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na mwaka 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta, ambaye alilingana pointi na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun nyingine kabla ya ushindi kuangukia upande wake. Pasaka hiyo ya 1973 mzee alikuwa na miaka 21. Alifuatilia kwenye redio ya mjomba wake huko Marangu, na tangu siku hiyo akajua gari atakalonunua, ingawa hakuwa na hata baiskeli.

Alilipata mwaka 1984. Lilikuwa limesimama kwenye banda la shamba la kahawa nje kidogo ya Arusha, matairi hayana upepo, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva. Mwenye shamba alikuwa anafunga virago kuondoka nchini. Mzee, wakati huo mhasibu wa chama cha ushirika, alilipa kwa fedha zilizokuwa zimetengwa kwa ajili ya bati za nyumba. Alikuwa na mke, watoto wawili, na wa tatu tumboni. Akaleta nyumbani gari la watu wawili.

Mama hajasahau. Mpaka leo humwambia kitinda mimba, "Wewe na hilo gari mliingia nyumba hii mwaka mmoja, na nyumba ilikuwa inavuja." Husema akicheka, lakini husema. Kwa haki, ni gari hilohilo lililomkimbiza hospitali usiku wa kujifungua, na mzee hukumbusha jambo hilo kila bati zinapotajwa.

Watoto walisafiri wakiwa wamelala nyuma, kwenye godoro dogo chini ya kile kioo, wakitazama matawi ya miti yakikimbia kinyumenyume. Leo hakuna mzazi mwenye akili angefanya hivyo. Hata wakati ule halikuwa jambo salama, ila hakuna aliyeuliza. Redio ilikuwa ile iliyotoka nayo kiwandani, ya AM peke yake, na spika moja ndogo nyuma ya paneli ya ubavuni. Gari likiwa limesimama, Radio Tanzania ilisikika vizuri. Likianza kwenda, injini ndiyo iliyotangaza.

Tatizo la sasa lilianza kimyakimya, kama miaka miwili iliyopita. Kila mwezi mama huenda Moshi kliniki, maana ana presha ya macho, kisha hupanda Marangu kumwona dada yake mkubwa. Kwa miaka mingi mzee alimpeleka kwa Datsun. Mwezi mmoja mama akasema atapanda kosta. Mwezi uliofuata pia. Mzee, ambaye naye ana shughuli zake za kihamba huko Marangu, hakubembeleza. Ikawa siku moja, barabara moja, mume kwenye Datsun na mke kwenye kosta, wanakutana Himo kununua mchele na nyama ya kupeleka juu. Utingo aliwahi kumwambia, "Mama, mzee wako katupita pale Kikatiti, kapiga honi kabisa." Abiria wakacheka. Mama akacheka nao.

Watoto walipomuuliza, alijibu, "Gari linanichosha." Walipomuuliza mzee, alijibu, "Mama yenu kachoka na gari." Wakabaki pale pale. Wazazi waliokaa pamoja karibu miaka 50 wana namna ya kufunga mlango bila kuutia komeo.

Kundi la WhatsApp la watoto watatu, lililofunguliwa kwa ajili ya kuchangia dawa za macho, likageuka baraza. Kaka mkubwa, aliyeko Dar es Salaam, alishauri mzee auze gari anunue dogo la kisasa. Dada wa katikati akamwambia aje aseme hayo mbele ya mzee, naye akanyamaza. Ndipo kitinda mimba akatoa uchunguzi wake: mama anachoshwa na safari isiyo na muziki. Na kweli, mama ni mtu wa nyimbo za zamani, za Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Akiosha vyombo bila redio, watu wa nyumba ile huuliza kama kuna msiba.

Basi akanunua. Spika mbili kubwa za mviringo, inchi sita kwa tisa, za kuweka nyuma. Mbili za milangoni. Na amplifaya ambayo boksi lake limeandikwa wati 500 kwa herufi kubwa kuliko jina la kiwanda. Hakuuliza mtu. Alitaka wazazi warudi kutoka kanisani wakute kazi imekwisha, mama akae, wimbo uanze. Nia ilikuwa nzuri. Lakini mtu mzima hushtushwa kwa keki, si kwa drili.

Siku tatu baba na mwana hawakuzungumza. Dada wa katikati ndiye aliyelegeza kamba. Alimtafuta fundi mmoja wa magari ya zamani kule Unga Limited, mtu wa makamo anayesikika kuwa hafungi kitu asichoweza kukifungua, kisha akaenda kwa baba yake na ombi dogo: fundi aje aangalie tu.

Mzee alikubali kwa sharti. Chochote kitakachowekwa kiweze kutolewa kwa bisibisi, na kikishatolewa gari libaki kama lilivyokuwa. Watoto waliona ni ukaidi wa uzee. Kumbe hapo alikuwa na haki kuliko alivyojua mwenyewe. Waya uliokatika huungwa, skrubu iliyopotea hununuliwa nyingine, lakini paneli ya mlango ya mwaka 1972 yenye tundu la inchi sita haina solda. Na bati lililo nyuma ya paneli hiyo likishakatwa, kutu huanzia kwenye ukingo wa tundu.

Fundi alikuja Jumamosi bila begi la vifaa. Alimwamkia mzee, akapokea chai, kisha akaomba aendeshwe. Akakaa kiti cha mama. Wakaenda hadi Kisongo na kurudi, kitinda mimba akiwafuata kwa pikipiki kwa sababu gari halina nafasi ya mtu wa tatu.

Waliporudi, mama alikuwa kibarazani anamimina chai ya pili.

"Mzee," fundi alisema, "pale tulipokuwa mwendo wa 80 nilikuuliza kama gari utaniuzia kwa milioni mbili."

"Lini?"

"Umeitikia eeh. Nikauliza tena, ukaitikia eeh. Nimeshanunua gari hapa."

Kitinda mimba aliangua kicheko. Mzee naye akacheka, kwa kuchelewa kidogo. Mama hakucheka. Alisimamisha birika hewani, akamtazama mumewe kwa muda, kisha akaendelea kumimina.

Fundi akaomba gazeti la zamani. Alikata ukanda wa karatasi, akaubana kwenye mlango wa dereva, akafunga mlango na kuuvuta. Karatasi ikatoka kama inavyotoka kwenye kitabu. Raba ya mlango ikiwa hai, alieleza, inaishika karatasi mpaka inataka kuchanika. Alizunguka gari lote namna hiyo, mlango kwa mlango, akiweka alama kwa ile chaki ya kitinda mimba. Raba zilikuwa zimekauka na kugeuka plastiki. Chini ya dashibodi, kwenye ukuta unaotenganisha miguu ya abiria na injini, aliingiza kidole kwenye tundu ambalo waya mmoja ulipita lakini kifuniko chake cha raba kilishaoza. Mlio wa injini, alisema, ni kama maji. Hauhitaji mlango mkubwa.

Kisha akagonga bati la sakafu kwa kifundo cha kidole. Lililia kama debe. "Hii ndiyo ngoma yenu," alisema. "Barabara inaipiga kutoka chini, ninyi mmekaa juu yake."

Alipofika mlango wa nyuma, ule wenye kioo, alinusa kapeti. Akainama akanusa tena. Akageuka kibarazani na kuuliza swali ambalo katika miaka miwili hakuna mtoto aliyeliuliza.

"Mama, ukisafiri na gari hili unaumwa kichwa?"

Mama akaweka birika chini. "Nikifika Boma Ng'ombe kinagonga," alisema. "Nilidhani ni macho."

Ikajulikana hivyo, mbele ya watu wanne, kwamba mama alihama gari kwa sababu ya kichwa. Alidhani presha ya macho inapanda, akaogopa kusema kwa sababu angesema, watoto wangemrudisha kwenye vipimo na matone mapya. Kwenye kosta kichwa kilitulia. Akahesabu kuwa ni ule mtikisiko wa gari la michezo, akakaa kimya na kosta yake.

Fundi aliwaeleza taratibu. Gari lenye mgongo uliolala namna ile, likienda mbio, huacha nyuma yake pengo la hewa. Hewa hukimbilia kujaza pengo hilo, na moshi unaotoka kwenye bomba huvutwa pamoja nayo hadi kwenye mlango wa nyuma. Raba ya mlango huo ikiwa nzima, moshi hupita zake. Ikiwa imekufa, unaingia ndani, hasa dirisha la dereva likiwa wazi, maana dirisha wazi hunyonya hewa kutoka nyuma kuja mbele. Na mzee, kama madereva wote wa rika lake, huendesha kiwiko kikiwa dirishani. Hewa yake safi aliipata pale. Mama, anayefunga kioo chake ili upepo usimsumbue macho, alipata kilichotoka nyuma. Halafu moshi wa gari una gesi ambayo yenyewe haina rangi wala harufu, hupunguza hewa safi kwenye damu, na kichwa ndicho hulalamika kwanza. Kikizidi, mtu hapati nafasi ya kulalamika.

Mzee alikuwa amesimama, mkono juu ya paa la gari. Hakusema kitu. Baadaye alionekana peke yake nyuma ya gari akijaribu ule ukanda wa karatasi.

Kitinda mimba alikuwa bado na boksi lake. Fundi alilipokea kwa heshima, akasoma pande zote, akamwonyesha maandishi madogo ubavuni. Wati 500 ni za kilele, za kufumba na kufumbua. Wati za kazi, zile spika inazoweza kubeba saa nzima, zilikuwa 80. Lakini hata kwa hesabu ya herufi kubwa: wati 500 kwenye umeme wa volti 12 ni zaidi ya ampia 40. Altaneta ya gari la miaka hiyo hutoa kiasi cha ampia 50 kwa kila kitu, na taa, wipa, feni ya ndani na plagi za moto zote zinakula humohumo. "Usiku wa mvua pale Kikatiti," fundi alisema, "utachagua, muziki au taa." Kisanduku cha fyuzi cha gari hili nacho kina sifa mbaya ya kupata joto na kuyeyuka hata kabla hujakiongezea mzigo.

Zile za mlangoni je? Fundi alishusha kioo, akaingiza rula kwa juu. Sumaku ya spika ingekutana na kioo kikiwa nusu ya safari. Mama asingeweza kufungua dirisha.

"Na hata zingeingia," alimalizia, "gari hili lilivyo leo utaongeza sauti ili muziki uishinde injini. Kesho utaongeza tena. Mama atakuwa na kelele mbili badala ya moja."

Kazi ilichukua zaidi ya mwezi, sehemu kubwa ikiwa kusubiri raba ya mlango wa nyuma kutoka nje. Raba za milango ya pembeni zilipatikana za kununua kwa mita, zikakatwa na kuungwa kwa gundi. Bomba la moshi lilichunguzwa kwanza, likakutwa na ufa kwenye kiungo kimoja, ukazibwa kwa kuchomelea. Matundu yote ya ukuta wa injini yakapata vifuniko. Viti vikang'olewa, kapeti likatoka, na chini yake vikaokotwa sarafu za zamani, kibanio cha nywele cha dada wa katikati alipokuwa mdogo, na ganda la yai. Fundi akabandika mikeka ya raba yenye karatasi ya alumini upande mmoja, kwenye sakafu, ndani ya milango na juu ya magurudumu ya nyuma. Si lazima kufunika bati lote, alisema. Bati likishikwa sehemu zake pana, linaacha kulia. Akamwita mzee agonge. Mzee aligonga kwa kifundo kama alivyoona. Badala ya debe, gogo.

Hapo ndipo spika zilipoingia, zikiwa jambo la mwisho badala ya la kwanza. Fundi alichagua mbili ndogo za inchi tano na robo. Mahali pake ni chini ya dashibodi, ubavuni pale mguu unapoegemea, upande huu na upande ule. Alitengeneza vifuko viwili vya faiba vilivyokaa juu ya paneli za zamani na kushikwa kwa skrubu zilezile za kiwanda. Amplifaya ikawa ndogo kama kitabu cha nyimbo, chini ya kiti cha abiria, na waya wake ukaenda moja kwa moja hadi betri bila kugusa kile kisanduku cha fyuzi. Fyuzi ya waya huo ikawekwa jirani kabisa na betri, ili waya ukichubuka popote njiani, umeme ukatike kabla moto haujaanza. Wimbo unatoka kwenye simu kwa Bluetooth. Redio ya AM ilibaki mahali pake, vitufe vyake vyote vipo, haisemi kitu.

Kitinda mimba alikuwa gereji kila jioni baada ya kufunga duka. Mzee akaanza kuja pia, mwanzoni kwa kisingizio cha kuleta chai. Walianza kuzungumza tena kupitia fundi: mwambie baba anipe koleo, mwambie kijana asivute huo waya. Siku ya kuunganisha, sauti ilitoka nyembamba, besi haipo kabisa, kama watu wanaoimba wakiwa wamebana pua. Kitinda mimba alikata tamaa papo hapo. Fundi akachukua betri ya tochi ya volti moja na nusu, akagusisha nyaya za spika ya kulia. Kifuniko chake cha karatasi kikaruka kwenda nje. Akagusisha ya kushoto, kikaingia ndani. Chanya na hasi za upande mmoja zilikuwa zimegeuzwa. Spika moja ilikuwa inasukuma hewa huku nyingine inavuta, na besi inafia katikati.

Mzee aliomba ajaribu mwenyewe. Alipiga magoti kwenye saruji, miaka 73, kijana wake akimshikia tochi, akagusisha betri na kutazama ile karatasi ikiruka. Alifanya hivyo mara sita. Mara ya saba akamwambia mwanawe moja kwa moja, bila kupitia kwa mtu, "Na ule mluzi?"

Maana ulikuwepo mluzi pia, unaopanda kila injini inapokanyagwa. Huo ulitokana na waya wa bodi wa amplifaya kufungwa kwenye bati lenye rangi. Waliukwangua mahali pake hadi chuma kikang'aa, wakaufunga upya, mluzi ukaondoka. Waliufunga wao wawili. Fundi alikuwa ameenda kula.

Ijumaa ya kliniki, mama alitoka na kitenge cha kujifunika miguu na mto mdogo, akasimama mbele ya gari kama mtu anayesoma tangazo. Kitinda mimba alikuwa ameshapanga nyimbo 60. Alimfungulia mlango. Mlango ulipofungwa ulitoa mlio mzito, wa kabati la nguo, na mama akamtazama mwanawe kupitia kioo kwa mshangao.

Yaliyofuata barabarani aliyasimulia mwenyewe kwa binti yake jikoni, na binti ndiye aliyeyapeleka kwenye kundi la WhatsApp, akiacha baadhi.

Muziki ulicheza kuanzia Tengeru. Mama aliimba wimbo wa kwanza wote na nusu ya wa pili. Walipopita Usa River akasema raba mpya zinanuka. Mzee akajibu kuwa fundi kasema harufu itaisha baada ya wiki mbili. Mama akageuka kumtazama. Alikuwa amejibu alichoulizwa.

"Punguza kidogo," mama akasema. Mzee hakujua pa kupunguzia, wakazima kabisa.

"Mwaka juzi," mama akaanza, "nilikuambia tukiwa hapahapa kwamba nitamlipia ada mtoto wa marehemu kaka yangu."

Hili lilikuwa na historia. Muhula ulipoanza mwaka huo, fedha zilitoka, na mzee alipoona kwenye daftari alikasirika kwa namna ambayo hukasirika mara chache. Alisema hakuambiwa. Mama alisema aliambiwa na akaitikia. Kila mmoja alimjua mwenzake kuwa si mwongo, na kwa hiyo kila mmoja alibaki na fumbo asiloweza kulitegua. Mama alimaliza ada kwa kuuza kuku na mayai. Mwezi uliofuata kichwa kilipogonga tena Boma Ng'ombe, kosta ikawa rahisi kuliko kukaa kilomita 80 na mtu anayeitikia kisha anakana.

"Uliniambia?" mzee aliuliza.

"Ukaitikia eeh."

Mzee aliendesha kimya mpaka njia panda ya uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Hapo akasema kwamba siku hizi huwa anaitikia akiona midomo inatembea. Si gari peke yake. Hata kanisani. Alikuwa hajamwambia mtu.

"Najua," mama akasema. "Nimejua siku ya fundi."

Waliamua mambo mawili kabla ya Boma. Ada ya mwaka uliobaki wa yule binti italipwa na wote wawili. Na mzee, kwa kuwa wanakwenda hospitali hata hivyo, atapimwa masikio. Boma Ng'ombe mama aliweka mkono kwenye paji la uso, kwa mazoea tu. Kichwa kilikuwa kimetulia.

Jioni kitinda mimba alipiga simu Marangu. Alitaka kujua besi ilikuwaje kwenye mwendo mkubwa, kama sauti ilikwaruza, kama Bluetooth ilikatika milimani. Mama alimjibu kuwa muziki ni mzuri sana, Mungu ambariki. Akauliza ni nyimbo ngapi wamesikiliza kati ya zile 60. Mama akasema hajazihesabu, akampa baba yake simu.

Spika za inchi sita kwa tisa alimuuzia dereva wa Hiace, pamoja na lile boksi la wati 500. Utingo wa kosta aliuliza kwa miezi miwili mama yuko wapi, kisha akaacha. Mzee ana kifaa kidogo nyuma ya sikio la kushoto, anachokitoa mechi ikianza.

Duara la chaki bado lipo kwenye paneli ya mlango wa abiria. Chaki iliingia kwenye mikunjo ya ile ngozi ya plastiki, na kitinda mimba aliwahi kuja na kitambaa na sabuni ili alifute. Mzee alimzuia, akasema sabuni itaharibu paneli. Mama huweka kiwiko hapohapo.